Indépendance Cha Cha: watu saba walioirekodi Bruxelles

Mwezi wa sita uliopita nilifanya kosa redioni. Ilikuwa asubuhi ya tarehe 30, siku ya uhuru, na kama kila mwaka tulifungua kipindi kwa wimbo Indépendance Cha Cha. Wimbo ulipoisha nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba tumemsikia Franco na OK Jazz. Hazikupita dakika kumi simu ikalia. Alikuwa mzee mmoja aliyekimbia vita pamoja na wajukuu wake, na kwa sasa anakaa katika familia iliyowapokea hapa Walungu. Hakunitukana. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za kazi, kisha akaniambia kwamba Franco hakuwepo siku ile. Wimbo ni wa Kabasele, alisema, tena mle ndani mna watu wengine sita, na mimi nimewanyang'anya kazi yao mbele ya wasikilizaji wote.

Nikamwomba anitajie majina. Akataja Kabasele, akataja Nico, Vicky na Roger. La tano likamponyoka. Sahani yenyewe alikuwa nayo, sahani ndogo nyeusi aliyorithi kwa kaka yake, lakini ilibaki nyumbani siku walipotoka na godoro moja na sufuria mbili.

Juma lililofuata niliomba msamaha hewani, lakini nikaona haitoshi. Nimeuliza, nimesoma, nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza neno lenyewe, jazz. Vijana wananiuliza kila mara kwa nini okestra za zamani zinaitwa jazz na ukizisikiliza husikii jazz ile ya Wamarekani weusi. Ni kweli. Miaka ya 1950, kwetu Kongo na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, neno hilo lilimaanisha okestra ya kisasa: gita, pengine na tarumbeta, watu wamevaa suti na viatu vinang'aa. Tanzania walikuwa na Tabora Jazz, Morogoro Jazz na Western Jazz. Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ilikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele tangu 1953, halafu OK Jazz iliyozaliwa tarehe 6 mwezi wa sita 1956 katika baa ya mtu aliyeitwa Oscar Kashama. Herufi O na K zilitoka kwenye jina lake. Muziki wao ulikuwa rumba na cha cha, midundo iliyofika kutoka Cuba kwenye sahani za GV zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930. Na Cuba waliipata wapi? Sehemu kubwa kwa watu waliochukuliwa utumwani, wengi wao kutoka upande wa pwani ya Kongo. Ndiyo maana wazee waliposikia zile sahani za GV hawakuziona ngeni.

Kabasele alizaliwa Matadi tarehe 16 mwezi wa 12 mwaka 1930. Alikuwa wa ukoo mmoja na Malula, yule padri aliyekuja kuwa Kardinali wa Kinshasa, na sauti yake ilianzia katika kwaya ya kanisa. Watu walimwita Grand Kallé. Aliimba taratibu, kila neno linasikika. Upande wa pili alikuwa Franco wa OK Jazz, kijana wa mjini, mwenye gita kali na maneno ya mitaani. Mashabiki wa okestra hizo mbili walipendana kama mashabiki wa Bukavu Dawa na Muungano wanavyopendana siku ya mechi. Anayejua anajua.

Studio hazikuwa zao. Ngoma ilikuwa ya Jeronimidis, Loningisa ya Papadimitriou, Esengo ya Antonopoulos, wote wafanyabiashara Wagiriki. Mwenye studio alikuwa na mashine, na mara nyingi hata gita zilikuwa zake, na ndiye aliyejua sahani zinauzwa wapi. Mwanamuziki alileta vidole na koo. Kwa kawaida alilipwa kwa kila wimbo, basi, akaenda zake. Sahani ikiuzwa mpaka Dakar au Nairobi, hiyo haikumhusu tena.

Sasa twende mwaka 1960. Ghasia za Léopoldville za tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959 zilikuwa zimewashtua Wabelgiji, na mwaka mmoja baadaye wakawaita wanasiasa wa Kongo Bruxelles, kwenye mkutano ambao wote waliuita Table Ronde, meza ya duara. Ulifunguliwa tarehe 20 mwezi wa kwanza. Bruxelles kulikuwa na Thomas Kanza, Mkongo wa kwanza asiye padri kupata shahada ya chuo kikuu. Kwake ndiko lilikotoka wazo la kuwaleta wanamuziki. Wajumbe watakaa wiki nyingi kwenye baridi, wanabishana mchana kutwa. Jioni wapate kitu cha kwao.

Ili kuelewa uzito wa safari hiyo lazima ukumbuke jambo lililotokea miaka miwili kabla, katika mji huohuo. Mwaka 1958 Bruxelles ilifanya maonyesho makubwa ya dunia, na ndani yake Wabelgiji wakajenga kijiji cha Kongo, wakaweka humo Wakongo ili wageni wapite wawatazame wakifanya kazi za mikono. Kulikuwa na wageni waliowarushia ndizi. Wale Wakongo walichoka na dharau, wakaondoka kabla maonyesho hayajaisha. Basi wanamuziki waliofika mwaka 1960 walikuja katika mji uliokuwa umewatazama ndugu zao juu ya uzio. Wao wakafikia Hotel Plaza, wakapanda jukwaani.

Walikuwa saba. Na hapa ndipo kosa langu linapoonekana vizuri, kwa sababu Kabasele hakwenda na African Jazz peke yake. Alichukua watu wawili wa OK Jazz. Fikiria kapteni wa Dawa anasafiri kwenda kuiwakilisha nchi, na katika timu yake anaingiza wachezaji wawili wa Muungano, si kwa kuombwa na shirikisho la mpira, ila kwa sababu anajua wanacheza vizuri.

Wa kwanza kati ya hao wawili ni Vicky Longomba, mwimbaji. Sauti yake imesimama pembeni ya sauti ya Kabasele, na wale wawili wanapoimba pamoja ni vigumu kusema nani yuko juu ya nani. Vijana ambao hawamjui Vicky wanamjua mwanawe, Awilo Longomba. Hata wale ndugu wa Nairobi walioitwa Longombas ni wajukuu zake. Wa pili ni Brazzos, jina lake kamili Antoine Armando. Kwao OK Jazz alikuwa mpiga gita. Bruxelles gita zilikuwa na wenyewe, akashika besi. Najua wapiga gita wengi hapa kwetu ambao ukiwaambia washike besi watakuona umewatukana. Yeye alishika, na wimbo mzima umekaa juu ya mabega yake.

Wenye gita walikuwa ndugu wawili kutoka Kasai. Mdogo ni Nicolas Kasanda, tunayemwita Docteur Nico, aliyezaliwa mwaka 1939. Hesabu mwenyewe: alikuwa na miaka 20. Mkubwa ni Charles Mwamba, Dechaud, na hilo ndilo jina lililomponyoka mzee wangu simuni. Haishangazi. Dechaud alipiga gita la kusindikiza, lile linalozunguka chini bila kuchoka wakati mdogo wake anaruka juu na kusifiwa. Kaka anamfanyia mdogo wake njia, mdogo anapita. Kwa miaka mingi walipiga hivyo.

Roger Izeidi aliimba na kutikisa maracas, na alikuwa na akili ya biashara, jambo tutakalolirudia. Wa saba ni Pierre Yantula, Petit Pierre, mwenye ngoma.

Tarehe 26 mwezi wa kwanza Lumumba alifika Bruxelles. Alikuwa ametolewa gerezani, kwa sababu wajumbe wenzake, hata wapinzani wake, walikataa kuendelea bila yeye. Kesho yake, tarehe 27, siku ya uhuru ikatajwa: 30 mwezi wa sita 1960. Jioni ile Hotel Plaza, wimbo mpya ulipigwa. Watu walicheza cha cha na tarehe mkononi.

Wakiwa hukohuko Bruxelles waliurekodi, pamoja na wimbo mwingine unaoitwa Table Ronde. Mimi kazi yangu ni sauti, kwa hiyo niruhusuni nieleze kidogo. Leo ukija studio yetu ndogo na kikundi chako, nitamchukua mwimbaji peke yake, kesho mpiga gita, keshokutwa kinanda, halafu kompyuta itawaunganisha kana kwamba mlikuwa pamoja. Mmoja akikosea namsahihisha yeye tu, wengine hata hawatajua. Wakati wa Kabasele haikuwa hivyo. Watu wote waliingia chumba kimoja, maikrofoni chache, utepe unazunguka, na kinachopigwa ndicho kinachobaki. Aliye na sauti kubwa alirudi nyuma hatua mbili, mwenye sauti ndogo alisogea mbele. Mwenye maracas akiteleza dakika ya mwisho, wote saba walianza upya. Upande mmoja wa sahani ndogo ulibeba dakika tatu au zaidi kidogo, basi lazima useme yote humo ndani.

Kwa hiyo watu wa okestra mbili zilizokuwa zikigombea mashabiki ilibidi wavute pumzi pamoja. Usikilize wimbo na jambo hilo akilini. Husikii mtu anayetaka kuonekana kuliko mwenzake. Hata Nico, ambaye angeweza, anaingia pale anapoachiwa nafasi, anasema yake, anatoka.

Maneno ya wimbo ni ya Kilingala kwa sehemu kubwa. Kazi yake ilikuwa nyepesi: kutangaza kwamba uhuru umepatikana, na kuwataja waliokwenda kuutafuta. Vyama vinatajwa, viongozi wanatajwa, Kasa-Vubu, Lumumba, Bolikango, Kalonji, Tshombe na wengine, jina kwa jina, kama mtu anayesoma orodha ya wageni wa harusi. Kule mezani Wakongo walikuwa wamewashangaza Wabelgiji kwa kuunda umoja wao, Front Commun. Walikuwa wakigombana nyumbani, lakini mbele ya Wabelgiji wakasema kitu kimoja. Wimbo unausifu umoja huo.

Sisi wa Kivu tulikuwa na watu wetu pale. Anicet Kashamura alikwenda kwa jina la CEREA, chama kilichokuwa na mizizi Bukavu, na baadaye akawa waziri wa habari katika serikali ya Lumumba. Nimeusikiliza wimbo nikitega sikio kwa ajili ya CEREA, sikusikia. Sikusikia pia neno la Kiswahili. Zamani jambo hilo liliniudhi. Leo nafikiri ni la kawaida tu: waliimba kwa lugha ya mji wao, na walitaja watu waliowajua. Asiyetajwa na wimbo wa mwenzake na atunge wake.

Lakini kuna jambo jingine linaloniuma kila ninapousikia. Tarehe 11 mwezi wa saba 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru, Tshombe alitangaza Katanga kujitenga. Tarehe 8 mwezi wa nane Kalonji naye akajitenga na Kasai ya Kusini. Tarehe 5 mwezi wa tisa Kasa-Vubu akamfukuza Lumumba serikalini. Na tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, mwaka haujatimia tangu ile jioni ya Hotel Plaza, Lumumba aliuawa Katanga, katika nchi iliyoshikwa na Tshombe. Majina hayo yote yako ndani ya wimbo mmoja, yamepangwa pamoja, yanachezeka. Redio zinaendelea kuupiga kila mwaka, na watu wanacheza. Sisemi tuache. Nasema tu kwamba mimi siwezi tena kuusikia kama nilivyousikia utotoni.

Je, wale saba wenyewe? Umoja wao nao haukudumu sana, ingawa haukumwaga damu. Waliporudi, Vicky alianzisha okestra nyingine, Négro Succès, kisha akarudi kwa Franco. Mwaka 1963 African Jazz ilipasuka: Nico, Dechaud na Roger waliondoka pamoja na kijana Rochereau, ambaye ni Tabu Ley, wakaunda African Fiesta. Sababu ilikuwa ileile inayovunja vikundi vyetu hadi leo, hesabu za pesa. Miaka michache baadaye African Fiesta yenyewe ikagawanyika, Nico upande wake na Rochereau upande wake.

Hata hivyo kabla ya hapo Kabasele alikuwa amefanya jambo ambalo kwangu ni kubwa sawa na wimbo. Kule Ubelgiji alielewana na kampuni ya Fonior, akaanzisha nembo yake mwenyewe ya sahani, Surboum African Jazz. Mwanamuziki Mkongo sasa ndiye alikuwa mwenye mali, wala si mtu wa kulipwa wimbo mmoja mmoja na kuambiwa asante. Halafu nani akarekodi kwa nembo hiyo mwaka 1961? OK Jazz. Kabasele alimfungulia Franco mlango, mpinzani wake, yule aliyebaki Léopoldville wakati Vicky na Brazzos wanapanda ndege. OK Jazz nao wakaenda Bruxelles kurekodi, na baada ya hapo Franco akaanzisha nembo yake, Epanza Makita. Roger naye, yule mwenye akili ya biashara, akawa na nembo ya Vita. Njia ilikuwa imeonyeshwa.

Na ile jazz ya kweli, ya Wamarekani, ilifika pia, kwa mtu mmoja. Bruxelles kulikuwa na klabu ya usiku inaitwa Les Anges Noirs. Humo alipiga saksofoni kijana wa Douala, Cameroun, aliyekuwa amekulia jazz kwa kusikiliza sahani za Marekani. Jina lake Manu Dibango. Kabasele alimsikia, akampenda, akamwingiza studio, na mwaka 1961 akamleta Léopoldville. Alikaa hapo mpaka 1963. Dunia ilikuja kumjua mwaka 1972 kwa Soul Makossa, lakini hata uzeeni hakuacha kusema kwamba Kabasele ndiye aliyemfungulia Afrika. Alikufa mwaka 2020 kwa ugonjwa wa Covid. Kabasele alikuwa na tabia hiyo: akisikia mtu anapiga vizuri, hakuuliza anatoka kwa nani.

Turudi kwetu, kwa sababu mzee wangu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu simuni. Kwa nini wimbo wa Bruxelles bado upo, na nyimbo alizocheza yeye Bukavu ujanani hazipo tena?

Jibu moja ni sahani yenyewe. Ikishachapwa Ulaya kwa wingi, nakala moja iko Léopoldville, nyingine Abidjan, nyingine chini ya kitanda cha mtu Liège. Huwezi kuiua. Nyimbo za kwetu mara nyingi zilibaki kwenye utepe mmoja, katika kabati moja, katika nyumba moja. Na nyumba zetu tunajua zimepitia nini. Mwisho wa 1960 Bukavu iliingia mikononi mwa askari waliotoka Stanleyville. Mwaka 1967 mamluki wa Schramme waliushika mji kuanzia mwezi wa nane mpaka wa 11. Vita ya 1996 ikaja, mwezi wa kumi, ule Monsinyori Munzihirwa aliouawa. Mwaka 2004 tena. Na mwezi wa pili 2025 tena. Kila mara watu wanatoka na wanachoweza kubeba kichwani, na hakuna anayebeba gramafoni. Ukitembea leo sokoni Mugogo, au barabara ya kwenda Burhale, waulize waliokimbia walichoacha. Watakutajia mbuzi, mbegu, karatasi za shule za watoto. Nyimbo hawazitaji, lakini zimo katika vilivyoachwa.

Jibu la pili ni majina. Hata pale utepe ulipobaki, nani anajua ni nani aliyepiga? Mimi mwenyewe, mtu wa redio niliyesomea kazi hii, niliwafuta watu saba kwa sentensi moja hewani, na hawa ni watu mashuhuri kuliko wote. Sembuse kijana aliyepiga besi katika baa ya Kadutu mwaka 1970. Simuni mwangu nina nyimbo kumi na mbili walizoimba vijana waliokimbia, zimerekodiwa chini ya mti na chini ya hema. Nzuri sana, mbili kati ya hizo zinanifanya nizime kila kitu ninapozisikiliza. Nimeangalia juzi: majina ya mafaili ni tarakimu tupu. Nimeanza kuwatafuta mmoja mmoja niwaulize nani aliimba, nani alipiga gita, nani alipiga dumu. Wawili wameshahama tena.

Wimbo wa Kabasele wenyewe umeendelea kusafiri. Mwaka 2010, Kongo ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji, aliufanya upya. Alifanya safari kinyume na ile ya wale saba: akatoka Ubelgiji akaja Kinshasa kurekodi na wanamuziki wa hapo, kwa siku chache. Matokeo yake yako katika albamu Kinshasa Succursale. Na wimbo huo akaupa jina la Kifaransa na la Kiswahili pia, Siku ya Baadaye. Basi Kiswahili kimeingia, kimechelewa miaka hamsini, kwa mlango wa Lubumbashi.

Kabasele alikufa tarehe 11 mwezi wa pili 1983. Nico alimfuata tarehe 22 mwezi wa tisa 1985, katika mji uleule wa Bruxelles alikopiga akiwa na miaka 20. Vicky aliondoka 1988. Franco, ambaye hakuwepo, alikufa 1989. Mwaka 2021 Unesco iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, ombi la Kinshasa na Brazzaville pamoja.

Ukiwa na simu yenye wimbo, usikilize mara tatu. Mara ya kwanza waache waimbaji, uwafurahie tu. Mara ya pili fuata besi peke yake, yule ni Brazzos, utaona anavyotembea kama mtu anayejua njia ya nyumbani usiku. Mara ya tatu tafuta gita la chini, lisilosimama. Huyo ni Dechaud. Ukishamsikia mara moja hutampoteza tena.

Jumamosi saa moja ya jioni tutaupiga tena, na safari hii nitasoma majina yote saba kabla wimbo haujaanza. Nimempigia mzee kumwambia. Akafurahi, akanisahihisha namna ninavyotamka Izeidi, halafu akaomba jambo moja: nianze na Petit Pierre. Alipokuwa kijana alipiga ngoma, alisema, na wapiga ngoma kila mara wanatajwa wa mwisho.